Neno la Mlango

Jina lenyewe ni mzaha, tuanzie hapo. Mgahawa unaojulikana kuliko yote Diani unaitwa Ali Barbour's Cave Restaurant. Barbour ni jina la ukoo wa mwanzilishi wake, George Barbour. Ali Baba ni yule mkata kuni wa hadithini, aliyejificha juu ya mti akawasikia wezi arobaini wakifungua pango kwa maneno matupu. Unganisha majina hayo mawili, panga meza ndani ya pango la kweli, na mgahawa umeupata. Ufuoni, si mbali na hapo, kuna baa yenye undugu nao inayoitwa Forty Thieves, yaani wezi arobaini wenyewe. Hadithi moja, biashara mbili.

Pango hilo lilianza kuandaa chakula cha jioni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unashuka ngazi mpaka chini ya ardhi, unakuta mishumaa mezani, taa ndogondogo zimefichwa kwenye mianya ya mwamba, na palipotakiwa kuwa na dari pana uwazi unaoonyesha nyota. Kuhusu uzuri wake sina ubishi na mtu. Picha yake iko kwenye kila kitabu cha watalii kinachoitaja Kenya ya kusini, na tangu reli ya SGR ianze kubeba abiria 2017, Nairobi nayo imejaa vijana wenye picha hiyo kwenye simu zao. Huenda hata wewe unayesoma unayo.

Sasa nenda Ukunda, mwendo mfupi tu wa tuktuk kutoka barabara ya ufuoni, uulize watu wanauonaje mgahawa huo. Mimi nimekuwa nikiuliza kwa miaka, tangu nilipoacha chuo na kurudi nyumbani kuishi kwa vibarua vya kuandika. Nimegundua jambo moja: ukiuliza kuhusu mgahawa, utajibiwa kuhusu kitu kingine. Utajibiwa kuhusu kazi, kuhusu ardhi, kuhusu mizimu, kuhusu njia ya kushukia baharini. Chakula chenyewe hakitajwi kabisa. Kwa hiyo, kama unataka kuelewa wenyeji wanauonaje mgahawa wa watalii, itabidi uvumilie historia kidogo.

Tuanze na jiwe, maana ndilo kongwe kuliko sisi sote.

Diani yote imekaa juu ya miamba ya matumbawe. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita dunia ilipata kipindi cha joto, barafu ikayeyuka, bahari ikapanda juu kuliko ilivyo leo. Matumbawe yakaota hapa tunapoendesha boda leo. Baadaye bahari ikarudi nyuma, matumbawe yakabaki juu, yakafa, yakawa mwamba. Maji ya mvua, yenye asidi kidogo, yakaanza kuula mwamba huo polepole mpaka yakatoboa mashimo na mapango. Ndiyo maana pwani hii imejaa mapango kuanzia Kilifi hadi Shimoni. Wenye mgahawa wanasema pango lao lina umri wa kati ya miaka 120,000 na 180,000. Ni makadirio, lakini hayako mbali na yale tunayoyajua kuhusu mwamba wenyewe.

Mapango hayajawahi kuwa mashimo matupu. Kule Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wanaakiolojia walichimbua kaburi la mtoto mdogo aliyezikwa miaka kama 78,000 iliyopita. Utafiti ulipochapishwa 2021, lilitangazwa kuwa kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu lililowahi kupatikana Afrika. Wakampa jina Mtoto. Alilazwa ubavu, miguu imekunjwa, na inaelekea kichwa chake kiliwekewa kitu laini cha kukiegemeza. Mtu fulani alimpenda. Na pango hilohilo, miaka 78,000 baadaye, wenyeji bado wanaliendea kwa mambo yao ya ibada. "Panga" kwa Kimijikenda ni pango. Na jina lote linakwambia pango ni la nani: la Saidi.

Huku kusini kwa Wadigo mambo hayako mbali na hayo. Pango linaweza kuwa mzimu, mahali pa kuombea. Ukiingia unaweza kukuta marashi ya waridi, vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi, labda chungu cha ubani. Wapo mashehe wanaokataza, na wapo wanaoswali msikitini Ijumaa kisha mtoto akiugua wakapitia pangoni Jumamosi. Hayo ni maisha ya watu. Nataka tu ujue kwamba mzee wa Mwabungo akisikia neno "pango", akilini mwake haiji hadithi ya dhahabu na wezi.

Na hiyo hadithi ya dhahabu na wezi imetoka wapi? Hapa ndipo mambo yanaponoga.

Wengi wetu tunadhani Ali Baba ni Mwarabu wa kale kabisa, na kwa kuwa pwani yetu ina mengi ya Kiarabu, tunaona hadithi hiyo inafaa Diani. Alfu Lela Ulela tunaijua hata kwa Kiswahili. Tafsiri yake ilisomwa shuleni enzi za ukoloni. Lakini hadithi ya Ali Baba haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu ya kitabu hicho. Iliingia kupitia Paris. Mwaka 1709 kijana mmoja Mkristo wa Kimaroni kutoka Aleppo, Syria, kwa jina Hanna Diyab, alikutana na msomi Mfaransa Antoine Galland aliyekuwa akitafsiri hadithi hizo na ameishiwa. Diyab akamsimulia hadithi zaidi ya kumi, zikiwemo ya Aladini na ya Ali Baba. Galland akaziandika kwa Kifaransa, na ya Ali Baba ikachapishwa 1717, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Dunia nzima ikazipenda. Jina la Diyab halikuwekwa kitabuni. Tunamfahamu kwa sababu Galland alimtaja kwenye shajara yake, na kwa sababu Diyab mwenyewe aliandika kumbukumbu za maisha yake uzeeni, zikalala ndani ya maktaba ya Vatikani mpaka watafiti walipomtambua. Tafsiri ya Kifaransa ya kumbukumbu hizo ilitoka 2015.

Kwa hiyo hesabu safari yenyewe. Msyria anasimulia Paris, Mfaransa anaandika, Waingereza wanatafsiri, na mwisho hadithi inatua Diani juu ya kibao cha mgahawa, ndani ya pango la nchi ya Wadigo. Aliyeisimulia kwanza hakulipwa jina. Ishike hiyo, tutarudi kwake.

Diani haikubuni biashara ya aina hii. Mwaka 1933 jamaa mmoja aitwaye Ernest Gantt alifungua baa Hollywood, akaipamba kwa mianzi na nyavu za wavuvi ili wateja wajione wako visiwa vya Pasifiki. Watu walikuja kwa mapambo kama walivyokuja kwa pombe. Mwaka 1971 Hard Rock Cafe ikafunguliwa London, gitaa zikapanda ukutani, na tawi likazaa tawi. Mwaka 1994 Rainforest Cafe ikaanza ndani ya duka kubwa huko Minnesota, Marekani: miti ya plastiki, mvua ya bomba, miamba ya kutengenezwa kiwandani. Karibu na nyumbani, Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa 1980, ilijitafutia jina kwa nyama ya porini kwenye panga za kuchomea, hadi sheria ilipokomesha biashara ya nyama hiyo 2004, mamba na mbuni wa kufugwa wakabaki.

Migahawa ya namna hii huuza hadithi kwanza, chakula baadaye. Huko Minnesota walikuwa na hadithi, wakalazimika kununua mwamba. Diani mwamba ulikuwepo tayari, wa kweli, wa bure, mkongwe kuliko binadamu yeyote aliyewahi kufika Pasifiki. Kilichoagizwa kutoka nje ni hadithi. Kama vile hapa hapakuwa na hadithi.

Sasa turudi Ukunda, tuwasikilize watu.

Wa kwanza ni wale wanaolisema pango hilo kwa fahari. Dereva wa teksi, mwenye tuktuk, bichi boi aliyezeeka akawa wakala wa safari: hawa wataliita "pango letu" bila kusita. Mgeni akiuliza aende wapi siku ya kumbukumbu ya ndoa, jibu liko tayari mdomoni, na safari ya kwenda na kurudi usiku ni pesa. Hoja yao ni nyepesi na ni ya kweli. Pango ambalo halileti hela, wanasema, lingeishia kujazwa takataka au kupasuliwa mawe ya kujengea. Ukipita ndani ndani huko Kwale ukaona machimbo ya mawe ya matumbawe, huwezi kuwaambia wanatia chumvi.

Wa pili ni wafanyakazi wa mahoteli na migahawa ya ufuoni kwa jumla. Hawa hawana muda wa nadharia. Kuna nyumba za mawe Ukunda zilizojengwa kwa bakshishi, na watoto waliosomeshwa kwa sinia la mhudumu. Lakini haohao watakueleza msimu wa mvua, Mei na Juni, hoteli zinapofunga na "likizo" inakuja bila mshahara. Watakueleza kujifunza salamu za Kijerumani na Kiitaliano ukiwa na miaka kumi na tisa. Na watakueleza utaratibu fulani wa akili: ukiwa kazini unaongea hadithi ya mwajiri, ukitoka unavaa shati lako na kuongea yako.

Wa tatu ni wengi kuliko wote. Ni wale ambao hawajawahi kuingia. Si kwamba kuna aliyewakataza. Bei ya sahani moja mahali pa aina hiyo inaweza kumeza vibarua vya siku kadhaa, lakini bei ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni geti, ni askari, ni ile hesabu unayoipiga kichwani kabla hujafika: nitavaa nini, nitaulizwa nini. Angalia hata lugha yetu. Ukunda ukisema "twende hoteli", maana yake ni benchi, chai ya maziwa, mahamri na mbaazi. Ng'ambo ya pili ya barabara ya ufuoni, "hoteli" ni ukuta mrefu. Neno ni lilelile, lakini watu wake hawakutani.

Wa nne ni wazee. Hawa huongea kwa mzunguko. Mmoja atakuambia kula na kunywa pombe pangoni si adabu. Mwingine atacheka aseme kama palikuwa na mizimu imeshahama, kelele zimeikimbiza. Sijawahi kumsikia mzee akitaka mgahawa ufungwe. Wanachouliza ni hiki: kabla ya huyo Barbour, nani aliulizwa?

Ndipo mzaha wa jina unapogeuka. Kuna utani wa siku nyingi kwamba wezi arobaini wa Diani hawakukaa pangoni, walikuwa na hatimiliki. Utani huo haumlengi mwenye mgahawa wowote. Unalenga historia ya ardhi, na historia hiyo imeandikwa.

Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao Afrika Mashariki, na ukanda wa maili kumi wa pwani wakakubaliana kuuendesha kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Mwaka huohuo Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa na ngome yake Gazi, kusini kidogo tu mwa Diani, aliinuka kupigana nao. Kufikia 1896 alikuwa ameshindwa na kuvuka kwenda upande wa Wajerumani. Kisha 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye kudai shamba pwani alete dai lake. Waliodai na kupewa walikuwa zaidi Waarabu, Waswahili wa mijini, Wahindi na Wazungu. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na mipaka yake ilikuwa miti na makaburi, kwa sehemu kubwa walibaki nje ya daftari. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Uhuru ulipokuja 1963, daftari halikuchanwa. Serikali mpya ilirithi kalamu, na viwanja vya ufuoni vikaendelea kugawiwa watu wenye majina. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 inaitaja ardhi ya pwani kama moja ya majeraha makuu ya nchi hii.

Kwa hiyo hoteli zilipoota Diani kuanzia miaka ya 1970, ziliota juu ya swali ambalo halijajibiwa. Usiku wa Agosti 13, 1997 swali hilo lilitumiwa vibaya. Vijana wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawageukia watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakakimbia makwao. Tume ya Akiwumi iliyochunguza ilisikia jinsi siasa za uchaguzi wa mwaka ule zilivyohusika. Waliokufa wengi walikuwa maskini kama waliowaua. Watalii wakahama, hoteli zikafunga, na aliyebaki na njaa Ukunda alikuwa mhudumu, Mdigo au wa bara. Ikawa hivyo tena 2014 nchi za Ulaya zilipotoa maonyo na kampuni za Uingereza zikawarudisha watalii wao kwa ndege. Ikawa hivyo 2020 corona ilipofunga anga. Mji unaoishi kwa mlango mmoja hulala njaa mlango huo ukifungwa.

Katika hadithi, Ali Baba ana kaka yake, Kasim. Kasim anaingia pangoni, anakusanya dhahabu, kisha analisahau neno. Anajaribu shayiri, anajaribu nafaka nyingine, mlango unakataa. Neno lenyewe lilikuwa "simsim", yaani ufuta, huuhuu wanaotengenezea tamutamu na kuuza stendi ya Likoni. Mara nyingi nimeona tunasoma hadithi hii kwa kumcheka Kasim mroho. Ukiwa Diani unaisoma tofauti. Unauliza neno la mlango linamilikiwa na nani.

Kuna mahali hukuhuku kusini ambapo wenyeji hawajalisahau neno. Kaya Kinondo, msitu wa hekta 30 hivi ulioko kusini mwa Diani, umewapokea wageni tangu 2001 kwa masharti ya wazee wenyewe. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Huokoti kitu, huvunji kijiti, humbusu mwenzio. Kijana wa hapo anakutembeza na kukueleza mti gani ni dawa ya nini, na kuna sehemu atakuambia hapa huingii, basi huingii. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kaya nayo ni biashara. Inauza hadithi pia. Tofauti ni kwamba msimulizi ndiye mwenye kukata tiketi.

Shimoni, mwisho wa lami karibu na Wasini, pango la watumwa linaendeshwa na kijiji, na kiingilio husaidia mambo ya kijiji kama shule na zahanati. Hadithi inayosimuliwa pale ni ya minyororo. Lakini Herman Kiriama, mwanaakiolojia Mkenya aliyeandika tasnifu yake ya uzamifu juu ya mapango hayo, anaonyesha kuwa kumbukumbu za wenyeji ni nyingi kuliko ile moja ya kibao: pango ni mzimu pia, na limekuwa maficho pia. Kwa maneno mengine hata kijiji kikishika mlango, mtalii bado anaibana hadithi iwe fupi. Hiyo kazi haina mwisho. Angalau wanaobishana juu ya hadithi ni wenye kijiji.

Sisemi mgahawa wa Diani ufungwe. Ungefungwa kesho, wa kwanza kulia wangekuwa majirani zangu. Sisemi Ali Baba apigwe marufuku pwani. Hadithi husafiri, na sisi tumezipokea nyingi tukazifanya zetu. Ninachosema ni kwamba jina ni hati ya aina yake. Pango likiitwa la Ali Baba kwa miaka arobaini, mtoto anayezaliwa Ukunda leo hana sababu ya kuuliza babu yake aliliitaje. Na mababu wanaojua mapango ya ufuoni kwa majina, lipi la kuombea mvua, lipi la kuficha mbuzi wakati wa mashambulizi, wanazidi kupungua. Hakuna kibao kinachowangoja. Simu unayo, kinasa sauti kimo ndani yake. Kabla ya kwenda kupiga picha chini ya nyota, pitia kwanza kwa mzee.

Kuna mtu mmoja zaidi kwenye hadithi ya Ali Baba ambaye hakuna baa niijuayo Diani iliyopewa jina lake. Ni Marjana, mtumwa wa nyumba. Mwizi anapoweka alama ya chaki mlangoni ili usiku waje kuua, ni Marjana anayeiona na kuzitia chaki nyumba zote za mtaa. Wezi wanapojificha kwenye mitungi ya mafuta, ni yeye anayewagundua. Mkuu wao anaporudi akijifanya mgeni, ni yeye anayemtambua mezani, akiwa anahudumia. Ali Baba alipata dhahabu na jina la hadithi. Nyumba ilisimama kwa sababu ya Marjana.

Jina lake linatokana na neno la Kiarabu ambalo na sisi tunalo kwenye Kiswahili: marijani. Maana yake ni tumbawe, jiwe lilelile ambalo pango limechongwa ndani yake, na ambalo Diani nzima imesimama juu yake.